Vitambaa Vinne

Mbeya
Jumatatu, 10 Juni 2024

Mdogo wangu Yusta,

Kamwene. Mimi mzima, ila sijalala vizuri tangu mama aliponipigia Alhamisi. Alisema kwa ufupi tu: wezi waliingia saa tano asubuhi, yeye akiwa sokoni na maharage yake, wewe ukiwa peke yako ndani. Wamechukua simu yako, redio na cherehani. Wewe ulikutwa chini ya kitanda, pumu imekubana, hata jina lako huwezi kulitaja. Nilipouliza zaidi akasema, "Amepona, baba. Wewe fanya kazi."

Siwezi kuja. Naomba uelewe hilo kabla hujaendelea kusoma. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio, na mkuu wetu wa masjala akiona kiti kitupu haulizi, anaandika. Tangu baba atutoke mshahara ni huu mmoja. Nikiupoteza, sijui.

Nimefikiri nini ninaweza kufanya nikiwa huku, nikaona mbwa. Nyumba yetu ndiyo ya mwisho kwenye njia, ua ni mabanzi matupu, na mchana Kihesa yote iko kazini. Lakini sijasahau ulipokuwa darasa la nne, ulivyocheza na mbwa wa shangazi Benedicta kule Kalenga mpaka macho yakafumba, na baba akakubeba mgongoni hadi zahanati. Shangazi hajafuga tena tangu siku ile.

Nimemuuliza mama Esnath, muuguzi tunayesali naye usharika mmoja, kama kuna mbwa asiyemdhuru mtu wa pumu. Akaniambia, "Watu wanasema manyoya, manyoya. Siyo manyoya, baba. Ni mba wa ngozi yake na mate yake. Sasa wewe nionyeshe mbwa asiye na ngozi." Kisha akaongeza kwamba hata hivyo mbwa hawafanani, na vifua havifanani, na mtu anaweza kumvumilia mmoja akashindwa mwingine. Nimeshika hayo ya mwisho.

Kwa hiyo nitafanya hivi. Kila mbwa nitakayempata, nitamsugua mgongoni na shingoni kwa kitambaa cheupe. Nitakitia kwenye bahasha, nitaipa namba, nitaituma kwa basi pamoja na barua. Wewe utakiweka chini ya mto kwa siku tatu, inhela ikiwa karibu, halafu utaniandikia kifua kilikuwaje. Mama Esnath sikumweleza mpango huu. Niliogopa angenikataza.

Nataka uandike, usipige simu. Mama anaondoka na simu alfajiri, na jioni akiwa amekaa pembeni utasema "sijambo kaka" ili asihangaike. Kwenye karatasi utakuwa peke yako. Tena nataka majibu yako yawepo kwa maandishi.

Lutengano wa meza ya pili aliniona nikikata shuka. Unajua Wanyakyusa. Akasema kwa sauti ofisi nzima isikie, "Mhehe, huyo mbwa unayempima nguo ni wa kulinda au wa Krismasi?" Wakacheka, nami nikacheka. Sikumweleza.

Humu kuna namba moja. Ni wa mwalimu mmoja wa Uyole, ana manyoya ya kujikunja kama kondoo. Mwalimu anaapa kwamba aina hiyo haipukutishi na haimsumbui mtu.

Inhela iwe karibu. Naomba unisamehe kwa kurudia.

Kaka yako,
Aroni


Kihesa, Iringa
18 Juni 2024

Kaka Aroni,

Kamwene na wewe. Nadhani mtu wa kwanza Iringa nzima kutumiwa jasho la mbwa kwa basi ni mimi.

Kule stendi kondakta alimbana mama, humu kuna nini, mbona bahasha laini hivi? Mama naye hajui kudanganya, akasema ni nguo ya mbwa. Kondakta akasema, "Kwa hiyo mwenyewe yuko uchi huko Mbeya na baridi hii?" Mama alifika nyumbani bado anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ile, kwa hiyo hata kama mpango wako ni wa kichaa, asante.

Namba moja hafai. Usiku wa kwanza nilipiga chafya. Wa pili kifua kilibana kidogo, nikavuta dawa mara moja, nikakitoa kitambaa. Hakuna zaidi ya hapo. Mwambie mwalimu wako wa Uyole kondoo wake abaki naye.

Umesema vizuri kuhusu simu. Usipige kabisa, hata Jumapili. Sauti yangu imekauka na vumbi la kiangazi, utaisikia utaanza kuwaza.

Najua utauliza kama nimetulia. Mama akitoka nafunga komeo, nasogeza na meza. Nikisikia banzi limelia uani nasimama katikati ya chumba, sielewi nielekee wapi. Sirudi tena chini ya kitanda. Mchana ni mrefu sana, kaka. Zamani nilikuwa nashona unapita, sasa cherehani haipo, nakaa nasikiliza.

Tafadhali apatikane mmoja. Usije ukamaliza vitambaa vyako ukaniandikia kwamba hakuna.

Mdogo wako,
Yusta


Mbeya
Alhamisi, 27 Juni 2024

Yusta mdogo wangu,

Natuma bahasha tatu kwa pamoja. Tafadhali zitumie moja moja, na kati ya moja na nyingine pumzika siku mbili, na foronya uifue. Nimeandika namba kwa kalamu nyekundu ili zisichanganyike.

Namba mbili ni wa Nyololo. Kaka yake Lutengano anapakia mbao pale, akamfuta mbwa anayelinda ghala kwa niaba yangu. Amesema ni mkubwa na mkali, ila anajikuna sana.

Namba tatu nilimwendea mwenyewe. Jumamosi nilipanda gari hadi Ubaruku, kwa mzee mmoja anaitwa Seni, Msukuma, wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe kutoka Shinyanga. Aliniangalia nikitoa kitambaa mfukoni na kumsugua mbwa wake shingo, akamwita mke wake aje aone. Akasema, "Karani, sisi mbwa tunamchagua kwa meno. Wewe unamfuta jasho kama bwana harusi?" Nikamweleza habari zako. Baadaye akasema, "Huyu hajaingia nyumba ya mtu tangu azaliwe. Analala na ng'ombe. Hajui mlango ni kitu gani." Jina lake Sajenti. Manyoya yake ni mafupi sana, rangi ya vumbi. Habweki ovyo. Alikuwa amelala mbali, nikafumba na kufumbua yuko mbele yangu, amesimama tu, ananitazama. Yusta, nilikojoa kidogo. Usimwambie mtu. Lakini nilifurahi, kwa sababu niliona mwizi naye atakavyokuwa.

Kuhusu namba nne sitakuambia ni wa wapi wala yukoje. Nataka ujibu kwa kifua, usijibu kwa maelezo yangu.

Na hili ndilo kubwa. Ninajua unamtaka mbwa. Mimi pia ninamtaka. Lakini kitambaa kikikubana, sema kimenibana. Vyote vikikubana, sema vyote, nitatafuta njia nyingine. Usinifurahishe.

Aroni


Kihesa
11 Julai 2024

Kaka Aroni,

Haya, majibu.

Namba mbili: macho yaliwasha na pua ilitoka maji siku zote tatu. Kifua kilibana kidogo siku ya mwisho.

Namba tatu: hakuna kitu. Nililala kama mtoto, mpaka mama akaja kuniamsha. Sikuvuta dawa hata mara moja.

Namba nne: huyo ndiye mbaya kuliko wote. Usiku wa kwanza tu nilibanwa, nikavuta dawa mara mbili, nikakitupa nje. Sijui ni mbwa wa namna gani huyo, ila asikaribie kwetu.

Kwa hiyo ni Sajenti. Mwambie mzee Seni asibadilishe mawazo. Mama anaulizia tu atakula nini, nimemwambia ugali na dagaa kama sisi.

Usikawie, kaka. Jana kulikuwa na mtu amesimama njiani, upande wa mwisho, muda mrefu. Labda alikuwa anasubiri mtu.

Yusta


Mbeya
Jumatatu, 15 Julai 2024

Mdogo wangu,

Nimepokea barua yako. Nimeisoma mara nyingi. Nimeiweka kwenye faili pamoja na ile ya kwanza, na juu yake nimeandika tarehe ya kupokelewa.

Umesema kwa maandishi kwamba namba tatu haikukudhuru. Naomba nikuulize mara moja tu: yote uliyoandika ni kweli, na ya namba nne pia? Kama kuna la kurekebisha, basi la asubuhi kutoka Iringa linafika huku mchana. Nisipopata neno hadi Jumamosi, nitahesabu kuwa ni kweli, na mzee Seni atampakia mbwa kwenye lori la mpunga.

Mbwa asiingie ndani hata siku moja. Mama ndiye atakayemgusa, na amwogeshe kila wiki. Banda liwe nyuma, mbali na dirisha lako. Wewe umwangalie tu.

Aroni


Kihesa
1 Agosti 2024

Kaka mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Sajenti amefika. Alishuka kwenye lori amejaa pumba za mchele, akazunguka ua mara mbili, akajisaidia kwenye mchicha wa mama, akakaa getini kama aliyeajiriwa. Watoto wa jirani wamehamia njia ya juu. Mwenye kuuza mkaa sasa anapiga hodi akiwa barabarani.

Juzi nilisinzia mchana. Mchana, kaka! Nilikaa kwenye kiti nikasikia kucha zake zikitembea kwenye saruji ya kibarazani, huku, halafu kule, nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka nililia. Huwezi kujua umechoka kiasi gani mpaka umelala.

Baridi ni kali mwaka huu, asubuhi nyasi ni nyeupe. Kule Usangu amezoea joto, anatetemeka hadi meno yanasikika. Mama amemtandikia gunia.

Usishangae mwandiko, mkono unatetemeka, ni hiyo hiyo baridi. Kifua hakijambo. Naandika kidogo napumzika, kwa sababu mwanga ni hafifu humu.

Asante. Sijui nitakulipa nini.

Yusta


Kihesa
tarehe 18 mwezi wa nane

Mwanangu Aroni,

Ni mimi mama yako naandika, mwandiko utaona mwenyewe. Mkono mmoja hauna kazi, karatasi ameishika mtoto wa jirani.

Kwenye simu nilikwambia Yusta anaumwa kidogo. Nilikuwa nimesimama korido ya hospitali na yeye ananitazama. Haikuwa kidogo.

Ilikuwa Jumatatu tarehe tano. Narudi sokoni, mlango upo wazi, mtoto amekaa kizingitini ameshika miimo ya mlango, midomo imekuwa kama zambarau. Inhela iko chini, imekwisha. Hakuweza kuniita. Mbwa amelala kwenye mapaja yake. Nilipiga kelele akaja jirani na bajaji. Hospitali wamemvutisha dawa kwa mashine siku nne, mara mbili waliniambia mama toka nje.

Daktari akauliza, nyumbani mnafuga? Yusta akatikisa kichwa, hapana. Mimi nikasema yupo mbwa ila analala nje, haingii. Jirani akanivuta pembeni: "Mama Aroni, haingii vipi? Ukienda sokoni anakuwa ndani mpaka jioni. Tunamwona anachungulia dirishani kama mwenye nyumba." Nikamuuliza mtoto, umenifanyia nini? Akasema, mama, Sajenti alikuwa anasikia baridi. Nikamwambia baridi ya mbwa ndiyo ya kufa wewe? Akageukia ukutani.

Sasa sikia lingine. Ijumaa nilikimbia nyumbani mara moja kuchukua kitenge na uji. Saa sita mchana. Nakuta watu wawili mlango wa nyuma, wameng'oa kitasa. Mmoja ana panga. Hawakukimbia, mwanangu. Yule mwenye panga akaniuliza, "Yule wa filimbi yuko wapi?" Mimi sikuelewa filimbi gani. Nikapiga yowe, akanikata mkono, huu wa kushoto. Sajenti nilikuwa nimemfungia bandani, akavunja ubao. Hakubweka. Nimesikia yule mtu analia tu, na mwenzake anaruka ua. Amemchana mguu mpaka panga likadondoka. Wamekimbia. Polisi wameandika, hajakamatwa mtu. Mkono nimeshonwa nyuzi kumi na moja.

Daktari amesema Yusta asilale tena nyumba yenye mbwa. Nikamuuliza nikimtoa mbwa je? Akasema hata akitoka leo, mba wake unabaki kwenye magodoro na kuta miezi mingi, na kifua hiki hakiwezi kungoja. Amesema hata nguo zangu.

Nimempeleka Kalenga kwa shangazi yenu Benedicta. Kule chumba ni kimoja, siwezi kukaa nao, na maharage yangu yapo hapa, na nyumba ya baba yenu nikiiacha wiki moja wataigawana. Na hapa bila mbwa silali, Aroni. Wale wapo. Wanajua njia.

Wewe umesoma, na ndiye mwanaume tuliyebaki naye. Niambie. Nimtoe mbwa, au nimtoe mtoto? Utakalosema nitafanya.

Mama yako,
Bertha


Mbeya
Jumamosi, 24 Agosti 2024

Yusta,

Barua hii naituma Kalenga. Shangazi akiifungua kwanza, hainidhuru.

Namba nne haikuwa mbwa. Ilikuwa kipande cha shuka langu. Nilikifua kwa maji ya moto, nikakianika, nikakipiga pasi, nikakitia kwenye bahasha kwa mikono niliyoinawa. Nilitaka kujua kama unajibu kwa kifua. Uliponiandikia kwamba hicho ndicho kibaya kuliko vyote, nilijua hukuvilalia vitambaa vile. Nilijua siku ile ile, Jumatatu, saa nne, nikiwa nimesimama kando ya kabati la mafaili.

Ningeweza kumpigia mama saa nne na dakika tano. Sikupiga. Badala yake nikakuandikia ile barua, nikakuuliza "yote ni kweli?" nikakupa hadi Jumamosi. Unajua ile ilikuwa barua ya nini? Haikuwa ya kukuuliza. Huku ofisini, karani akiona jambo haliko sawa na hathubutu kulizuia, anaandika dokezo, anaomba uthibitisho, anaweka tarehe. Jambo likiharibika, faili lipo. Nilikufanyia wewe hivyo, mdogo wangu. Nilisema moyoni: amejibu kwa maandishi.

Kwa nini? Nimejiuliza. Nilikuwa nimekwenda Ubaruku, nimemsimulia mzee Seni, mama alikuwa ameshaambiwa. Niliogopa kuwa kaka ambaye hakuja, halafu hata mbwa akashindwa kuleta. Niliogopa wezi watarudi na itasemwa Aroni alikuwa anacheza na vitambaa. Kila upande niliogopa, nikaenda upande ambao kulikuwa na karatasi ya kunikinga.

Nimewaza uje hapa. Chumba changu kimepakana na mashine ya kusaga. Asubuhi nafuta unga mweupe juu ya mto. Nimetafuta kingine, sijapata ninachokiweza. Nimeandika barua ya kuomba uhamisho Iringa, nikaichana, kwa sababu aliye kwenye majaribio haombi. Jana nimeiandika tena. Ipo kwenye droo.

Mama ameniuliza amtoe mbwa au akutoe wewe. Zimepita siku nne tangu barua yake ifike. Kila jioni nakaa kujibu. Naandika "Mpendwa Mama," halafu naona mkono wake, halafu naona midomo yako. Sijajibu. Nakuandikia wewe kwa sababu siwezi kumwandikia yeye.

Niambie kweli sasa. Na yule mtu alimaanisha nini kusema filimbi?

Aroni


Kalenga
Jumapili, 22 Septemba 2024

Kaka Aroni,

Barua yako nilikaa nayo wiki nyingi. Sikukasirika. Nilipofika pale kwenye shuka lako nilicheka, kisha nikakohoa mpaka shangazi akaja.

Kweli ni hii. Namba moja nilikilalia usiku mmoja. Nilikesha nimekaa dirishani, nimefungua vioo na baridi ile, nikihesabu pumzi. Asubuhi nilikichoma jikoni. Hivyo vingine vitatu vilipofika nilivichoma bila kufungua bahasha, nikasubiri siku zitimie, nikakaa nikatunga. Namba nne nilimfanya mbaya sana ili namba tatu aonekane wa kweli. Nilijiona nina akili.

Na ile filimbi ni mimi. Siku ya kwanza walikuwa karibu kuondoka. Walishachukua vyote, wako mlangoni. Nilikuwa chini ya kitanda, nimeziba mdomo kwa kanga, lakini kifua hakizibiki, kaka. Kikaanza kulia. Mmoja akasema, "Ngoja, kuna kitu kinapiga filimbi humu." Akarudi. Akainama, akaniona. Hakunigusa. Akasikiliza tu, kama mtu anayesikiliza redio, akasema, "Nikirudi sitahangaika kukutafuta. Nitakujua kwa filimbi yako." Wakaondoka wakicheka.

Sikumwambia mama. Angeacha soko akae ananilinda, tungekula nini? Wewe nawe ungeacha kazi. Kwa hiyo nilikuwa na vitu viwili: mtu yule, na kifua changu kinachomwita. Mbwa nilijua ataniua pole pole. Yule mtu sikujua ataniua vipi. Nikachagua ninachokijua. Na Sajenti nilimwingiza ndani siku ya tatu. Alikuwa anasikia baridi, hilo ni kweli, lakini pia akiwa nje nilikuwa nasikia kifua changu, na akiwa ndani nilikuwa namsikia yeye akipumua. Ukisikia kitu kikubwa kinapumua karibu, na kiko upande wako, hujali sana.

Usijibebeshe yote. Nami nilikudanganya kwa maandishi.

Hapa siyo pabaya. Shangazi anafagia kwa kumwagia maji kwanza ili vumbi lisipande. Wanafunzi wanapita kwenda makumbusho na mabasi yao, wananipungia mkono kwa sababu nipo uani kila siku. Nimejifunza kusuka vikapu, majani hayanisumbui. Lakini daktari amesema mapafu yamechoka, hayatakuwa kama zamani. Napanda kile kilima kidogo cha kwenda bombani kwa vituo vitatu.

Mama alikuja leo baada ya ibada. Kabla ya kuingia anapitia kwa jirani, anaoga, anakata hata kucha, anavaa gauni la shangazi, nywele anazifunga na mfuko wa nailoni chini ya kilemba. Hata hivyo Jumapili iliyopita nilibanwa, kwa hiyo leo tulikaa yeye upande huu wa ua, mimi upande ule, shangazi katikati anatupitishia chai. Tulikuwa tunasemeshana kwa sauti kama watu wa kando ya mto. Mkono umepona vibaya, vidole viwili havikunji. Anapima maharage kwa mkono mmoja.

Aliniambia hujamjibu. Aliniambia, "Sema wewe basi. Sema neno moja, kesho nampeleka Sajenti kwa watu, nafua magodoro, nakwangua kuta, nakungoja." Na nilimwangalia mama. Amekonda. Anasikiliza hata akiwa Kalenga, kuku akiruka anageuka. Anafanya kama nilivyokuwa nafanya mimi. Nikajua akikaa bila mbwa yule, usiku wa kwanza hatalala, na mchana mmoja watakuja.

Nikamwambia akae naye. Nikamwambia mimi napenda hapa, nimezoea, sina haraka ya kurudi Kihesa. Nilisema vizuri, bila kukohoa. Aliniamini, au alichoka kutoniamini.

Kwa hiyo usimjibu tena, kaka. Nimeshajibu mimi.

Wakati wa kuondoka alisimama, akasahau, akaja moja kwa moja na mikono imefunguka. Nikarudi nyuma hatua mbili. Akabaki katikati ya ua na mikono yake hivyo hivyo, na shangazi akaangalia pembeni. Nikamwambia awahi gari, mbwa atakuwa hajala.

Mdogo wako,
Yusta